Sura ya 6: Upanga Usiokata

Shaba ni madini mabaya kwa upanga. Ukiifua ikawa nyembamba hupinda kwa pigo la kwanza. Ukiiacha nene inakuwa butu, na mkono wa mwenye upanga unachoka kabla ya adui. Uzito wake ni karibu mara tisa ya uzito wa maji, unapita hata wa chuma. Makali ukiyanoa asubuhi, adhuhuri yameshalala. Mtu asiyeijua nchi hii angedhani basi kwamba Kolwezi na ukanda mzima wa Lualaba, wenye shaba kuliko karibu popote pengine Afrika, lazima ulikuwa nchi ya silaha duni. Lakini wahunzi wa huku waliujua udhaifu huo wa shaba zamani sana, wakagawa kazi: chuma kikate, shaba ionekane.

Sura hii inahusu upande wa pili wa mgao huo. Inahusu silaha za kuonekana, zile za kushikwa mbele za watu, za kuchezewa ngoma, za kuwekwa begani siku ya sherehe, ambazo aliyezitengeneza hakukusudia hata siku moja zimwage damu. Kijana wa leo anayekata povu na kulipaka rangi ya fedha ili awe shujaa wa katuni ya Kijapani anafanya kazi ya ukoo huohuo, ajue asijue.

Huo mchezo wa vijana unaitwa kosplei. Mtu huchagua mhusika wa filamu, katuni au mchezo wa video, akajishonea mavazi yake, akajitengenezea silaha yake, kisha akaenda kukutana na wenzake waliofanya vivyo hivyo. Jina lilibuniwa Japani miaka ya 1980 na mwandishi Nobuyuki Takahashi, na tangu mwaka 2003 mji wa Nagoya huandaa mkutano wa kosplei wa dunia nzima. Nairobi ina mikutano yake. Sheria za mikutano hiyo zinafanana kila mahali: mlangoni kuna meza, silaha hukaguliwa, bapa la chuma halipiti, ncha kali haipiti. Upanga wa kosplei lazima uonekane mzito wa kumshinda mtu mzima huku mtoto akiweza kuubeba kutwa. Upanga wa Cloud, shujaa wa mchezo wa Final Fantasy VII wa mwaka 1997, una urefu unaokaribia kimo cha mtu na upana wa ubao wa dirisha. Ungetengenezwa kwa chuma kweli, hakuna binadamu ambaye angeweza kupigana nao.

Mimi sina ugomvi na Cloud. Ninachosema ni kwamba fundi wa Kolwezi anayeanzia Japani ameruka maktaba nzima iliyo uani kwake.

Tuanze mtoni. Mto Lualaba unapita karibu na Kolwezi, unapenya magenge ya Nzilo, kisha unateremka kaskazini hadi kwenye maziwa na vinamasi vya Upemba. Huko, kando ya ziwa Kisale, mahali panapoitwa Sanga, wanaakiolojia walifukua makaburi mwaka 1957 na 1958, na katika miaka ya 1970 Pierre de Maret akaiendeleza kazi hiyo katika bonde zima. Walichokuta kinamhusu mtu yeyote anayetengeneza nakala za vitu. Vyungu vilivyozikwa na wafu vilipimwa kulingana na umri wa marehemu: mtu mzima alipewa vikubwa, mtoto vidogo. Yaani miaka elfu moja iliyopita kulikuwa na mfinyanzi aliyekaa akatengeneza chungu kidogo mahsusi kwa kaburi la mtoto, chenye umbo lote la chungu cha kweli, huku akijua hakitapikiwa kamwe.

Jirani na hapo, Kamilamba, lilifukuliwa kaburi la yapata karne ya 8. Mwenye kaburi alilazwa na fuawe ya chuma karibu na kichwa chake, pamoja na shoka ambalo mpini wake ulikuwa umepigiliwa misumari. Misumari ile haisaidii kukata mti. Ikiwa inasaidia lolote, ni kuumiza kiganja. Kazi yake ilikuwa kumeta na kumwambia anayetazama kwamba aliyelishika shoka hili si mkata kuni. Mashoka ya aina hiyo, yenye mpini uliopigwa misumari au kuchongwa, yaliendelea kubebwa na wakuu wa Waluba mpaka enzi za picha za kamera. Ni nadra ufundi wa pambo moja kuonekana kwa zaidi ya miaka elfu katika bonde moja.

Shaba yenyewe ilitoka kusini, kwenye vilima vya kijani ambavyo leo ni mashimo ya migodi: Musonoi, Dikuluwe, Kamoto. Kazi ilikuwa ya kiangazi. Mtama ukishavunwa, watu walihamia vilimani, wakaokota malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, wakachoma makaa, wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, ambao hustahimili moto kuliko udongo wa kawaida. Viriba vya ngozi vilipulizwa mpaka joto likapita nyuzi 1,085, na shaba ikatiririka. Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari Mbenedikto, alizieleza shughuli hizi katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1926 na kuyapa jina la wala shaba, maana ndivyo wale mafundi walivyojulikana. Mvua ikianza, tanuri zilizimwa.

Bidhaa mashuhuri ya tanuri hizo ilikuwa msalaba, ile handa ambayo kila mtoto wa Katanga ameiona imechorwa mahali fulani. Ilimiminwa katika kalibu ya wazi, ikatumika kulipia mahari na bidhaa, ikazikwa na wafu kifuani. Serikali ya Katanga ya Moïse Tshombe ilipojitenga na Kongo mwaka 1960 iliweka misalaba mitatu kwenye bendera yake, na sarafu zake za mwaka 1961 zina msalaba upande mmoja. Handa si silaha, lakini naitaja kwa sababu ndiyo shule ya kwanza ya shaba ya maonyesho: kitu kizito, kizuri, kisichofanya kazi yoyote ya mikono isipokuwa kuonekana na kuhesabiwa.

Ukitaka kuona shaba na silaha zikikutana, tazama mashoka ya Wasongye, majirani wa Waluba upande wa kaskazini-magharibi. Bapa la kila shoka ni la chuma lililotobolewa kama wavu, na kati ya nondo zake mara nyingi zimechomoza nyuso ndogo za watu. Mpini ni wa mti, nao umefunikwa wote kwa bati jembamba la shaba lililokunjwa na kubanwa kwa vijisumari. Jiulize kwa nini fundi hakumimina mpini mzima wa shaba, ilhali shaba alikuwa nayo. Mpini wa shaba tupu ungekuwa mzigo. Mti uliovikwa ngozi ya shaba unang'aa vilevile, na mzee anaweza kutembea nao begani siku nzima ya sherehe. Hiyo ndiyo kanuni yote ya upanga wa kosplei, na ilikuwa imeshatatuliwa Kasai na Katanga kabla ya reli kufika.

Lakini mfalme wa sura hii ni mukwale, upanga wa Walunda na Wachokwe. Ni mfupi na mpana, una makali pande mbili, na bapa lake hutanuka kadiri linavyokwenda mbele kabla ya kujifunga kwenye ncha. Wareno waliofika kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa mashariki, mwaka 1831 na 1832 katika msafara wa Monteiro na Gamitto waliuona ukining'inia chini ya kwapa la kushoto, ndani ya ala ya ngozi. Nusu karne baadaye Henrique Dias de Carvalho alikaa katika nchi ya Mwant Yav, mfalme mkuu wa Walunda, na kitabu chake kikubwa kuhusu Walunda kilichapishwa Lisbon mwaka 1890 kikiwa na michoro mingi ya mavazi, silaha na vyombo. Kwa fundi wa mavazi michoro ile ni hazina. Hakuna katuni yenye maelezo ya ndani kiasi hicho.

Musumba, makao ya Mwant Yav, yamo katika wilaya ya Kapanga, jimbo hilihili la Lualaba ambalo Kolwezi ni makao yake makuu tangu mwaka 2015. Huko ndiko walikotoka Walunda waliovuka Lualaba kwenda mashariki wakitafuta chumvi na shaba, na ukoo mmoja ukafika hadi bonde la Luapula. Mwata Kazembe wao, aliyeko Mwansabombwe nchini Zambia, bado hucheza ngoma ya Mutomboko mbele ya maelfu ya watu kila mwaka mwishoni mwa Julai, mkono mmoja umeshika upanga, mwingine shoka. Watu hawatoki mbali kuja kuona kama upanga ule unakata. Wanakuja kuona jinsi unavyochukuliwa: unavyoinuliwa mbinguni, unavyoelekezwa ardhini, unavyosimama hewani ngoma zikinyamaza. Hicho ndicho kipimo ambacho mtengenezaji wa upanga wa jukwaani anapaswa kujiwekea. Jukwaani upanga ni kiungo cha mwili wa anayecheza.

Na kama kuna mtu bado anaona aibu kwamba upanga wake ni wa mti, namwelekeza kwa Wakuba. Simulizi zao zinasema mfalme Shyaam aMbul aNgoong, wa karne ya 17, alipiga marufuku kisu cha vita cha kurusha na mahali pake akaweka kisu cha amani, ikul, chenye bapa pana kama jani. Wakuu wa Kikuba walivaa ikul kiunoni, na baadhi ya zilizobaki hadi leo ni za mti mtupu, bapa na mpini vimechongwa kwa kipande kimoja na kupambwa kwa nakshi. Mkuu mwenye heshima zake alitembea barazani na kisu ambacho hakingeweza kukata nyanya, na hakuna aliyemcheka.

Sasa twende kwenye benchi la kazi. Nachagua mukwale kwa sababu tatu: umbo lake ni rahisi kukata, ni la jimbo hili, na halifanani na upanga wa katuni yoyote, kwa hiyo mwenye nao hatapotea katika umati.

Chora kwanza kwenye katoni. Bapa liwe na urefu wa sentimita 45, upana wa sentimita 7 linapotoka kwenye mpini na 10 mahali panapotanuka. Bapa hilo likiwa la chuma la nusu sentimita, lingekuwa na uzito wa karibu kilo 1.4, kwa shaba lingepita kilo 1.6. Kwa povu la EVA, hata ukilipa unene maradufu, halifiki gramu 100. EVA ndilo povu gumu la soli za kandambili na la mikeka ya watoto inayounganishwa kwa meno, ile inayouzwa vipande vipande vyenye rangi kali. Mikeka ni bora kuliko kandambili kwa sababu unene wake ni sawa kote na hauna nyayo za mtu.

Kata mabapa mawili yanayolingana. Katikati ya kila moja chimba mfereji wa kulaza mwanzi au bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme. Huo ndio uti wa mgongo, nao utaanzia ndani ya mpini na kuishia sentimita 3 au 4 kabla ya ncha. Usiufikishe kwenye ncha. Ncha iwe povu tupu, nene, ya mviringo, ili ikigonga jicho la mtu ijikunje. Gundi ni ile ya mafundi viatu: pakaa pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa kwa kidole haishiki, kisha bandika mara moja bila kusita, maana haikupi nafasi ya kurekebisha. Fanya kazi hiyo nje. Mvuke wa gundi hiyo si wa kuvutwa katika chumba kilichofungwa, na fundi viatu yeyote mzee atakusimulia kichwa chake.

Makali hukatwa kwa wembe mpya ulioinamishwa. Wembe ukianza kurarua, tupa, chukua mwingine; hapa ubahili huonekana kwa macho. Kisha inakuja hatua ninayoipenda kuliko zote. Mukwale wa kale mara nyingi una mistari iliyochorwa kwenye bapa, misambamba au ya zigizaga. Kwenye povu, usichimbe mistari hiyo. Ipasue tu kijuujuu kwa ncha ya wembe, kina cha milimita moja au mbili, mpasuko ambao jicho halioni kabisa. Halafu pitisha joto, iwe la mashine ya kupuliza hewa moto au la jiko la makaa kwa umbali wa shibiri, ukilisogeza bapa bila kutulia. Povu linajikaza juu, linapata mng'ao hafifu, na ile mipasuko inafunguka yenyewe ikawa mifereji safi yenye kingo za mviringo, kana kwamba mhunzi alipita na patasi. Ukiona moshi, umechelewa: ondoa, acha ipoe.

Povu lina vinyweleo na hunywa rangi. Liwekee ngozi kwanza kwa gundi nyeupe ya maseremala iliyozimuliwa kwa maji, mikono mitatu au minne, kila mmoja ukauke. Baada ya hapo wengi hukimbilia rangi ya fedha, na hapo ndipo panga nyingi zinapokufa, kwa sababu chuma cha mhunzi hakina rangi ya fedha. Kina weusi wa makaa, na mng'ao wake upo pale tu kinaposuguliwa na ala. Paka rangi nyeusi isiyong'aa. Ikikauka, saga risasi ya penseli laini iwe unga, chovya kitambaa, usugue mgongo na kingo za bapa kwa duara. Weusi unageuka chuma mbele ya macho yako. Mifereji iache nyeusi. Gharama yake ni penseli moja.

Mpini sasa, na hapa ndipo Kolwezi inaweza kujidai. Uchonge kwa mti mwepesi, mwembamba katikati na uliopanuka mwisho. Halafu uvike shaba ya kweli. Mita 5 za waya wa milimita 1 zina uzito wa gramu 35 tu, hivyo mkaguzi wa mlangoni hana neno, na jicho la mtazamaji, likishakutana na metali halisi pale mkono unaposhika, huamini bapa lote bila kuuliza. Waya ukiwa mgumu, utie motoni mpaka uwe mwekundu wa giza, kisha uuache upoe au uuchovye majini. Chuma cha pua ukikifanyia hivyo na maji hukazana. Shaba hulegea, ikawa laini ya kufuata kidole. Zungusha mviringo kwa mviringo, kila mzunguko ukigusana na mwenzake, na mwisho wa waya uufiche chini ya mizunguko. Anayetaka zaidi afunike kitako cha mpini kwa bati jembamba la shaba na vijisumari, kwa mtindo wa Wasongye.

Shaba ni safi ikitoka kwenye ndimu na chumvi, na baada ya wiki chache itakuwa kahawia. Wanaopenda wekundu ule wa mwanzo wapake vanishi siku hiyohiyo. Wanaopenda kijani cha ukale waufungie mpini katika chombo pamoja na kitambaa chenye siki na chumvi kwa siku kadhaa, kisha wanawe mikono vizuri, kwa sababu kijani hicho ni chumvi ya shaba na si kitu cha kulambwa. Wala usijaribu kusaga malakiti upate rangi ya kijani nyumbani. Vumbi la madini ya Kolwezi, ambamo shaba na kobalti hukaa pamoja, lina wagonjwa wa kutosha tayari.

Na waya ununue dukani. Nalisema hili bila utani. Nyaya za umeme zinazokatwa usiku huacha mtaa mzima gizani, na upanga wa sherehe uliovikwa taa ya jirani ni upanga wa aibu.

Usidhani pia kwamba vifaa hafifu ni udhuru wa kazi hafifu. Katika kitongoji cha Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana na wenzake wa Ramon Film Productions walitengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010 kwa bajeti isiyofika dola 200. Bunduki zake kubwa, ambazo leo zinajulikana duniani kote, ziliungwa na Bisaso Dauda kwa vyuma chakavu. Ukizitazama kwa karibu unaona kila kipande kilikuwa kitu kingine, na bado mikononi mwa mwigizaji zinafanya kazi yake. Kinshasa nako, Eddy Ekete na wasanii wa tamasha la KinAct huvaa miili mizima ya makopo, nyaya, simu mbovu na chupa, wakapita mitaani wakisimamisha magari. Na magharibi mwa jimbo la Lualaba lenyewe, Dilolo na Sandoa, wacheza makishi wa jando la mukanda wamekuwa wakijivika wahusika tangu kale kwa magome, utomvu na nyuzi za wavu, wahusika ambao kila mtoto anawajua kwa mwendo wao kabla hajaona kinyago. Ukisema mchezo huu ni wa Wajapani, hao watakushangaa.

Lipo jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya na Japani kuhusu ufundi huu havina haja ya kulisema, na kitabu cha Kolwezi lazima kiliseme. Mji huu umeona silaha za kweli. Mei 1978 wapiganaji waliotoka Angola waliuteka, askari wa miamvuli wa Kifaransa wakashuka tarehe 19, na mamia ya watu, weusi kwa weupe, walikufa. Tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wa Bakata Katanga waliingia Lubumbashi mchana wakiwa na bunduki, pinde na mapanga. Mama aliyeyaona hayo hana sababu ya kungoja ajue kama upanga unaomjia njiani ni wa povu. Kwa hiyo upanga wako usafiri ndani ya mfuko au ala iliyofungwa kamba, utoke ukumbini tu, na kwenye kizuizi cha askari uuseme kabla hawajauona. Ukiwa na maandamano ya sherehe, ofisi ya meya ijue. Nimesikia vijana wakilalamika kwamba tahadhari hizi zinaharibu mchezo. Mchezo unaharibiwa na risasi moja ya askari aliyeogopa.

Tahadhari ya pili ni ya heshima. Umbo la mukwale ni la watu wote, kama vile umbo la kofia. Lakini upanga fulani wa mkuu fulani, wenye alama zake na jina lake, una wenyewe. Kabla ya kuunakili, nenda kwa wazee wenye nao, ukae, uombe. Na lukano, bangili ya enzi ya Mwant Yav, iache kabisa. Kuna vitu ambavyo nakala yake, hata ikiwa ya plastiki, ni matusi.

Ya tatu ni ya soko. Katanga inajua nakala tangu zamani. Livingstone alipopita katika nchi za Walunda mwaka 1854, duara la kitako cha kombe la baharini, mpande, lilikuwa na thamani kubwa mno: aliandika kwamba mawili yangenunua mtumwa, na matano yangekuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu. Viwanda vya Ulaya vikalijua hilo, na baada ya muda mpande za kaure zilianza kuingia. Leo mchezo umegeuka: handa mpya humiminwa, ikatiwa kijani, ikauzwa kwa mgeni kama ya kaburini. Fundi mzuri wa mukwale wa povu hatakosa siku moja kuulizwa, "Yaya, hii ni ya kweli? Ya zamani?" na anayeuliza atakuwa ameshashika pochi. Akichonga kwa mti na kuvika shaba, swali litakuja mapema zaidi.

Jibu liwe ndani ya upanga wenyewe. Kabla hujazungusha waya, chukua kalamu ya wino usiofutika, uandike juu ya mti wa mpini jina lako, mwaka, na neno Kolwezi. Kisha funika kwa shaba. Atakayeufungua, awe mkaguzi, mwenye duka au mtu wa makumbusho ya Lubumbashi, atajua ni kazi ya nani na ya lini.